Siku ya Kujenga Umoja Kazini Ipangwe na Wafanya Kazi Wenyewe

(Hotuba iliyosemwa mbele ya wawakilishi wa wafanya kazi)



Nimetakiwa niseme habari za zile siku ambazo matajiri wetu huziita timu bildingi. Watu huambiwa: Jumamosi asubuhi basi litakuwa langoni, vaeni fulana za kampuni, twende tukacheze. Wengine hufurahi, wengine hununa, na wengine hawaalikwi kabisa. Jambo lenyewe si baya, maana watu wa kazi moja yafaa wajuane. Lakini nauliza: siku hiyo imepangwa na nani, na kwa faida ya nani?

Mchezo usiokosekana siku hizo ni kuvuta kamba. Basi sikilizeni. Mfaransa mmoja, Max Ringelmann, mhandisi wa kilimo, aliwapima watu wakivuta, na mwaka 1913 akatoa hesabu yake. Aliona kwamba watu 8 wakivuta pamoja, kila mmoja hutoa kama nusu tu ya nguvu anazotoa akivuta peke yake. Sababu moja ni kwamba hawavuti kwa wakati mmoja. Ya pili ni kutegeana. Mwaka 1974 wataalamu wa Marekani walijaribu tena. Walimfunga mtu macho, wakamwambia wenzake wako nyuma yake wanavuta, kumbe wale walijifanya tu. Hata hivyo mtu yule alilegeza mkono.

Ndugu zangu, hapo tunajifunza kwamba kukusanya watu wengi hakutoshi. Watu 60 katika basi moja wanaweza kurudi jioni vile vile walivyoondoka asubuhi, makarani na makarani, wapagazi na wapagazi. Mtu hukaza mkono akiijua sehemu yake na akijua kwamba jambo lile ni lake.

Tena sisi hatuhitaji kwenda Ufaransa kutafuta ushahidi. Januari 1947, katika mgomo mkubwa wa Mombasa, wafanya kazi zaidi ya 15,000 waliacha kazi kwa siku karibu 12. Walikuwa watu wa bandari, wa reli, wa hoteli, hata watumishi wa nyumbani, wa makabila mbalimbali. Walikutana katika uwanja ulioitwa Kiwanja cha Maskini. Hakuna tajiri aliyewapa fulana wala soda. Kilichowaunganisha ni shida yao ya mshahara na nyumba, waliyoizungumza wenyewe kwa vinywa vyao.

Basi tajiri akisema anataka siku ya namna hii, msikatae wala msikubali upesi. Ombeni kamati, na katika kamati awepo mtu wa kila idara, pamoja na mfagiaji na mlinzi. Kisha angalieni mambo haya.

Kwanza, siku. Sheria ya Kazi ya mwaka 2007 inampa mfanya kazi siku moja ya kupumzika, kwa uchache, katika kila siku saba. Siku hiyo ni ya mke, ya watoto, ya shamba na ya ibada. Haifai kuichukua kwa michezo ya lazima. Mkutano ukiwa ni wa lazima, basi ni kazi, nao ufanywe katika saa za kazi na ulipwe. Wala usikatwe katika likizo ya mtu. Msisahau kwamba Mwislamu ana sala ya Ijumaa, na Msabato hatoki Jumamosi.

Pili, fedha. Chakula na usafiri ni juu ya aliyeita. Asikatwe mtu mshahara kwa ajili ya tafrija ambayo hakuiomba.

Tatu, watu wote. Wa zamu ya usiku asiitwe saa mbili asubuhi naye hajalala. Kibarua aalikwe kama mwenye kazi ya kudumu, maana jasho lao ni moja. Mama anayenyonyesha apate mahali pa kukaa na mtoto. Nyama ichinjwe na mtu ambaye Waislamu watamla mkono wake, na asiyekunywa pombe asichekwe.

Nne, usalama. Basi lisijazwe kupita kiasi, na lirudi kabla ya giza. Awepo mtu anayejua huduma ya kwanza. Asilazimishwe mtu kuingia majini wala kupanda kamba, kwa kuwa wako wenye migongo mibovu na wasiojua kuogelea. Ombeni barua inayosema kwamba siku hiyo ni siku ya kazi. Sheria ya fidia ya kuumia kazini, nayo ya mwaka 2007, humlinda aliyeumia katika kazi yake, na bila barua ubishi utaanza mtu akiwa kitandani.

Tano, michezo. Gawanyeni watu sita sita, na kila kundi lichanganye ofisi, karakana, stoo na jikoni. Msishindanishe idara na idara, maana ugomvi wa huko utarudi nao Jumatatu. Kupokezana kijiti ni mchezo mzuri, kwa sababu kila mguu unahesabiwa. Asiyeweza kukimbia acheze bao au drafti, na alama zake ziingie katika hesabu ya kundi.

La mwisho, nalo ndilo kubwa: tengeni saa moja ya baraza. Kila kundi litoe jambo moja la kazini linalohitaji kutengenezwa, liwe mashine isiyo na kinga au choo kibovu. Katibu aandike, tajiri ajibu kwa tarehe. Jambo likipatikana, watu wataikumbuka siku ile kuliko pilau.

Na pilau si mshahara. Tajiri anayewalisha leo ili kesho msimuulize habari ya nyongeza, mleni chakula chake kwa adabu, mseme ahsante, na kesho mumwulize.

Hayo ndiyo niliyokuwa nayo. Rudini katika matawi yenu mkaunde kamati kabla hamjaundiwa.