Pendo na Majivu

Tunawakumbusha vijana habari za Bhasmasura, aliyepewa na Shiva uwezo wa kumgeuza majivu yeyote atakayemgusa kichwani. Vishnu alimjia kwa sura ya Mohini, mwanamke mzuri mno. Kwa kumtamani, akaiga kila hatua ya ngoma yake, hata akajigusa utosi, akateketea. Hatuulaumu uzuri, twalaumu kupenda bila kuuliza. Binti akimpenda mtu mwenye tabia ya kupiga, tusimhimize avumilie. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 66, haimpi yeyote haki ya kumpiga mwenzi wake. Wazazi, milango yetu isifungwe kwake. Om Shanti.