Bunduki ya Mchezo: Umbo la Nje na Nguvu ya Ndani

Hotuba ya maofisa wa ushirikiano wa polisi na jamii kwa wakazi wa mpakani



Tumekuja kuzungumza juu ya kitu ambacho wengi watakiona ni kidogo, nacho ni bunduki ya mchezo inayoendeshwa kwa betri, ambayo wachezaji wake huiita easofti. Haitumii baruti. Hurusha gololi ya plastiki yenye kipenyo cha milimita 6 na uzito wa takriban gramu 0.20. Mchezo huo ulianzia Japani katika miaka ya 1970, na mwaka 1991 kampuni ya Tokyo Marui ilitoa bunduki ya umeme ambayo mfumo wake wa ndani unafuatwa na watengenezaji wengi hata leo.

Hatukuja kuushutumu mchezo. Tumekuja kwa sababu vijana wenye vipaji vya ufundi hutamani kufungua kila kitu chenye skrubu, na bunduki hii ikifunguliwa na kuongezwa nguvu, hadhi yake mbele ya sheria inaweza kubadilika pasipo mtu yeyote kuona tofauti kwa nje.

Basi tuanze na yaliyomo ndani. Betri hupeleka umeme kwenye mota iliyofichwa katika mshikio. Mota huzungusha gia tatu zilizomo ndani ya kasha la chuma, na kwa kawaida huzunguka takriban mara 18 ili kutoa mlio mmoja. Gia ya mwisho ina meno upande mmoja tu. Meno hayo huivuta pistoni nyuma na kuikandamiza springi. Yanapokwisha, pistoni huachiwa, springi hujinyoosha, na hewa iliyomo katika silinda husukuma gololi kupitia mtutu. Hiyo ndiyo siri yote: nguvu ya bunduki hii inatoka katika springi.

Kwa hiyo anayetaka kuiongezea nguvu hubadilisha springi. Springi hizo huuzwa kwa namba: ile ya 100 hukusudiwa kuirusha gololi ya gramu 0.20 kwa kasi ya takriban mita 100 kwa sekunde, nayo ya 120 kwa mita 120. Mtu atasema, "Nimeongeza kidogo tu." Lakini nishati hukua kwa mraba wa kasi. Kwa mita 100 gololi hubeba jouli 1. Kwa mita 120 hubeba jouli 1.44. Kasi imeongezeka kwa asilimia 20, ilhali pigo limeongezeka kwa asilimia 44.

Nchi ambazo mchezo huu umeenea zimeweka mipaka kwa kipimo hichohicho. Japani hairuhusu bunduki ya gololi za milimita 6 ivuke takriban jouli 0.98. Uingereza, kwa sheria ya mwaka 2017, ilitoa msamaha kwa bunduki hizi zisihesabiwe kuwa silaha za moto, mradi zile zinazofyatua mfululizo zisizidi jouli 1.3. Mfano wetu wa jouli 1.44 umekwisha kuuvuka mpaka huo. Springi moja, inayotosha katika kiganja cha mkono, imeitoa bunduki katika daraja la mchezo na kuiingiza katika daraja la silaha.

Mafundi nao wajue hasara zake. Springi nzito huvunja meno ya pistoni ya plastiki, hupasua kasha la gia na kuilazimisha mota ivute umeme mwingi hadi swichi ya kifyatulio iungue. Betri ya lithiamu ikitobolewa au nyaya zake zikigusana huweza kuwaka moto. Kasha likifunguliwa kabla ya springi kulegezwa, springi huruka kwa kishindo, na jicho likiumia huenda lisipone. Ndiyo maana wachezaji wazoefu huondoa betri na gololi kwanza, tena huvaa miwani ya kinga hata mezani.

Ndugu zetu, hadi hapa tumesema ya ndani. Sasa tuseme ya nje, maana jirani hana macho ya kuona springi. Huliona umbo, na umbo ni la bunduki ya vita.

Tarehe 22 Novemba 2014, katika mji wa Cleveland nchini Marekani, mtoto wa miaka 12 aliyeitwa Tamir Rice alikuwa akicheza bustanini na bastola ya easofti. Ncha ya rangi ya machungwa, ambayo huwekwa mtutuni ili kuonyesha kwamba hiyo si silaha halisi, haikuwapo. Mtu aliyepiga simu polisi alisema kwamba huenda bastola ile ilikuwa ya bandia. Neno hilo halikuwafikia askari waliotumwa. Askari mmoja alimfyatulia mtoto risasi ndani ya sekunde mbili hivi baada ya kufika, naye akafariki siku iliyofuata. Tunalisimulia jambo hili sisi wenyewe tulio polisi, kwa sababu wajibu una pande mbili: askari hana budi kupewa habari kamili na kujizuia, na jamii haina budi kutoacha kitu cha mchezo kivae sura ya mauti.

Hapa kwetu hatari hiyo si ndogo. Upande wa Karamoja, mpakani na Kenya, ukusanyaji wa silaha ulianza mwishoni mwa mwaka 2001, na wananchi wanajua gharama yake. Katika eneo kama hilo, kijana anayepita jioni na umbo la bunduki begani hataulizwa kwanza kama ni ya plastiki. Tena sheria ya jinai ya Uganda, kama ilivyorekebishwa mwaka 2007, inahesabu hata kiigizo cha silaha ya kufyatua kuwa silaha ya kuua katika kosa la unyang'anyi wa kutumia nguvu, na adhabu ya juu ya kosa hilo ni kifo. Sheria ya silaha ya Kenya nayo inamtia hatiani anayetumia bunduki ya kuigiza kutenda uhalifu. Anayemwazima rafiki yake bunduki ya mchezo na ajiulize inakwenda kufanya nini.

Kwa hiyo tunawaomba mambo manne. Kwanza, kabla ya kununua bunduki ya namna hii au kuivusha mpakani, ulizeni kituo cha polisi na maofisa wa forodha. Pili, msiondoe wala msipake rangi ncha ya machungwa. Tatu, fundi akiletewa kazi ya kuongeza nguvu, akatae. Akiletewa ya kutengeneza, arudishe springi ya namba ileile. Nne, anayepiga simu polisi aseme yote aliyoyaona, hata lile analolishuku tu.

Na kwenu wazazi: mtoto aliyefungua kasha la gia na kulirudisha likafanya kazi msimchape. Mpelekeni kwa fundi wa pikipiki, wa pampu ya maji au wa cherehani. Gia ni zilezile, na huko ujuzi wake utamlisha.

Wahenga walisema, mzaha mzaha hutunga usaha. Tuuzuie usaha huo ungali mzaha.