Takwimu za Maji Zisipotee



Mwaka 1993 Mto Ruaha Mkuu ulikauka wakati wa kiangazi, nao ukaendelea kukauka miaka iliyofuata. Wakulima wa mpunga, wafugaji, pamoja na mabwawa ya Mtera na Kidatu, wote huutegemea. Watafiti wengi wamepima maji ya Usangu, wakaenda zao. Vipimo hivyo viko wapi?

Siku hizi watafiti wengi hutakiwa kuandika mpango wa kutunza takwimu. Lakini mpango ulioandikwa kama insha, kompyuta haiwezi kuuchambua kwa uhakika. Mwalimu haandiki mahudhurio kwa insha. Huyaandika katika rejesta, kila jambo na safu yake. Kigezo cha namna hiyo kilitolewa mwaka 2020 na jumuiya ya kimataifa ya Research Data Alliance: mwenye dhamana, mahali zilipo takwimu, masharti ya kuzitumia. Mpango ukiandikwa hivyo, ofisa wa wilaya aweza kuzitafuta takwimu bila ya kumsaka mtafiti aliyekwisha ondoka.

Hata hivyo, rejesta ya uongo ni uongo ulionyooshwa mistari. Ukweli lazima utangulie.

Maji yakigawanywa bila takwimu, mwenye nguvu ndiye hunywa kwanza.