Bei ya Picha Huanzia kwenye Gharama

Wasikilizaji mnaoanza kazi ya upigaji picha, bei huanzia kwenye gharama, si kwenye bei ya jirani. Mpiga picha wa harusi anayetoza kwa kuhesabu saa za ukumbini pekee husahau kwamba kazi huendelea nyumbani, ambako picha huchaguliwa na kuhaririwa kwa muda ambao mara nyingi huzidi ule wa sherehe yenyewe. Aidha, uchakavu, yaani thamani ambayo kamera hupoteza kadiri inavyotumika, ni gharama halisi hata kama hakuna anayeidai siku hiyo, na anayeupuuza hukosa fedha za kununua kamera nyingine ile ya kwanza inapoharibika. Inasikitisha kuona kijana mwenye kipaji akiacha kazi kwa sababu hiyo.

Bei huanzia kwenye gharama. Kabla ya kutaja bei, andikeni nauli, umeme, bando, ujira wa msaidizi, uchakavu na saa zote za kazi, kisha ongezeni faida. Mteja akiomba punguzo, punguzeni idadi ya picha au saa za kazi, na pokeeni arbuni, yaani malipo ya awali ya kuthibitisha makubaliano, kabla ya kumtengea siku.