Hesabu za 0 na 1, kutoka Dzaleka hadi Lilongwe

Katika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, wilayani Dowa nchini Malawi, iliyofunguliwa mwaka 1994 na ambako Kiswahili husikika kila kona, TakenoLab hufundisha vijana kuandika programu za kompyuta. Anayeingia kwenye fani hiyo hakwepi kukutana na namba zilizoandikwa kwa 0 na 1 pekee. Ndani yake mna mambo.

Chukua 0 hadi 7. Tatu huandikwa 11, tano 101, sita 110: kila moja ina 1 mbili, yaani idadi shufwa. Sifuri, isiyo na 1 hata moja, huingia kundi hilohilo. Zilizobaki, 1, 2, 4 na 7, zina idadi witiri.

Sasa jumlisha. Kundi la kwanza linatoa 14. La pili, 14 vilevile. Zidisha kila namba kwa yenyewe kwanza, kisha jumlisha: pande zote mbili zinatoa 70! Mfaransa Eugène Prouhet alieleza kanuni pana ya mgawanyo huu mwaka 1851.

Na faida ya kuhesabu 1 hivi? Data ikisafiri, tuseme kutoka Dzaleka kwenda Lilongwe, mtumaji anaweza kuongeza tarakimu moja ili idadi ya 1 iwe shufwa daima. Tarakimu moja ikigeuka njiani, idadi inakuwa witiri, na mpokeaji anagundua kasoro. Zikigeuka mbili, kosa linapenya bila kuonekana. Ndiyo maana mitandao ya leo huongeza ukaguzi mkali zaidi.