Faili za Wazee Wetu Ziko Nairobi

Haya ndiyo niliyosema Jumamosi baada ya Alasiri. Wengi mliniomba, basi nimeyaandika.

Mtu akikwambia "tupatane Archives" pale Nairobi, unafika bila kuuliza njia. Ni lile jengo kubwa la Moi Avenue, karibu na sanamu ya Tom Mboya, zamani likiwa benki. Wengi tumesimama nje yake tukingojea rafiki. Nilipouliza ukumbini nani ameingia ndani, iliinuka mikono miwili, na mmoja akakiri alikuwa anakimbia mvua!

Sasa humo ndimo makao ya Nyaraka za Taifa, taasisi iliyoundwa kwa sheria ya 1965. Ukiingia utaona vinyago na picha alizokusanya Joseph Murumbi, aliyekuwa Makamu wa Rais. Vizuri, vitazame. Lakini mali yenyewe ni faili: za wakuu wa wilaya, za mahakama, za utawala wa Pwani enzi za maliwali.

Zatuhusu nini? Mwaka 1908 Waingereza walitunga sheria ya hatimiliki, wakawataka watu wa Mwambao wapeleke madai yao ya ardhi. Ardhi isiyodaiwa ikahesabiwa ya Serikali ya Mfalme. Maskwota wengi mnaowajua leo, shida yao imeanzia hapo. Kwetu pia. Ofisi moja ilitaka tuthibitishe tumekaa shambani tangu lini. Nyanya yangu akaanza kutaja minazi, nani aliupanda huu na nani ule. Karani akamwambia, "Mama, maneno si karatasi." Nyanya alinyamaza mpaka tukafika nyumbani.

Karatasi huenda ipo. Lakini kuitafuta ni basi la usiku, pesa za kulala, ruhusa kazini, halafu orodha ya faili iliyoandikwa kwa Kiingereza. Kituo chao cha Mombasa kipo, ila sehemu kubwa ya hazina iko Nairobi. Basi mimi nauliza: nani anaamua saa za chumba cha kusomea? Nani anaamua bei ya nakala, na faili za wapi ziingizwe kwenye kompyuta kwanza, za Pwani au za kwingine? Haya si mambo ya wasomi peke yao. Vifungu vya 10 na 232 vya Katiba vinataka wananchi washirikishwe. Si hisani, ati.

Msidhani pia kila kitu kimo mle. Kabla ya uhuru Waingereza walibeba faili nyingi wakaenda nazo, zikafichwa Hanslope Park. Zilijulikana hadharani 2011, na si kwa sababu kuna mkubwa aliyeona haya. Ni wazee wa Mau Mau waliokwenda mahakamani London. Mwaka 2013 Uingereza ikakubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa watu 5,228. Sasa faili hizo zinasomwa Kew, kwenye nyaraka za taifa za Uingereza, ambako watumiaji wana kundi lao la ushauri linalokaa na wakuu kuzungumzia huduma. Sisi letu liko wapi?

Tuanze na barua. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inakuruhusu kuomba habari kwa maandishi, kwa Kiingereza au Kiswahili. Kiswahili! Afisa hawezi kukunyima eti sababu yako haimpendezi. Ana siku 21 za kukujibu. Akikataa, unampeleka kwa Ombudsman. Ila tafadhali, weka nakala yenye stampu ya kupokelewa. Bila stampu utaambiwa barua haikufika, na utarudi kulekule kwa maneno si karatasi.

Rasimu ya barua yetu ninayo. Inauliza mambo matatu: ni faili gani za Pwani zimeshaingizwa kwenye kompyuta, lini mara ya mwisho watumiaji waliulizwa maoni kuhusu huduma, na kama orodha inaweza kutolewa kwa Kiswahili. Swali la nne nimeliacha wazi. Kaa na mzee wa kwenu wiki hii, muulize ni karatasi gani aliwahi kuitiwa akaikosa, uniletee jibu Jumamosi tuliandike pamoja kabla ya kutia sahihi.