Alama Ndogo Kwenye Kioo cha Miwani

Wafipa waliyeyusha chuma katika matanuri marefu ya udongo kabla ya ukoloni. Cheche si jambo geni Ufipa. Lililo geni ni fundi wa kuchomelea wa Sumbawanga kuvaa miwani ya jua, akidhani weusi wa kioo ndio kinga. Sivyo hata kidogo. Kioo cha kinga huchorwa alama. Z87+ ya Marekani humaanisha aina hiyo imejaribiwa kwa gololi ya chuma iliyorushwa kwa kasi. Kwa kuchomelea kwa umeme, namba ya kivuli kwa kawaida ni 10 au 11. Sheria Na. 5 ya mwaka 2003 inamdai mwajiri vifaa vya kinga. Mkuu wa karakana ya shule na aisome alama kabla ya kutia sahihi stakabadhi.